Mguu Mmoja Mfupi: Pima Kwanza, Kisha Uamue

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mkoa wa Mwanza. Maneno haya yalisomwa redioni na Afisa wa Elimu ya Watu Wazima. Yamepigwa chapa ili yasomwe tena darasani.

Mwalimu wa darasa, kabla sijaanza, tafadhali weka tayari vitu vitatu: futi ya fundi cherehani, vipande vichache vya ubao au madaftari yaliyokwisha kujaa, na chaki. Tutavihitaji baadaye. Asiye na daftari aketi karibu na mwenye nalo.

Somo letu la leo lahusu mguu uliovunjika zamani, ukaunga, lakini ukaunga ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Watu wa namna hii tunao katika kila kijiji. Wengine wako darasani humo mlimo.

Mvuvi na karatasi yake

Nitaanza na habari ya mtu mmoja. Jina lake sitalitaja, maana mguu ni wake na siri ni yake. Ni mvuvi wa upande wa Igombe. Miaka 12 iliyopita yeye na wenzake walikuwa wakiupandisha mtumbwi nchi kavu juu ya magogo. Gogo moja likateleza, mtumbwi ukamwangukia pajani, mfupa ukavunjika. Ilikuwa usiku, na gari halikupatikana. Wakamchukua kwa mzee mmoja mwunga mifupa. Mzee akamfunga mabanzi, akamtia dawa, na baada ya miezi 4 akasimama. Jamaa zake wakashangilia. Lakini alipojaribu kutembea, wote waliona kwamba mguu wa kulia haufiki chini kama wa kushoto.

Tangu siku hiyo anachechemea. Kuvuta nyavu anavuta, lakini ikifika jioni kiuno humwuma. Siku moja akasikia mwaloni kwamba siku hizi miguu hurefushwa hospitalini. Akaenda, akapimwa, akapewa karatasi aende nayo nyumbani akafikiri. Karatasi hiyo ndiyo iliyomleta kwangu.

Akaniambia, "Mwalimu, nisomee. Nimeambiwa nikikubali nitie saini. Mtu wa kununua injini yangu nimekwisha kumpata."

Ndugu zangu, injini ile ndiyo chakula cha nyumba yake. Naye alikuwa tayari kuiuza kwa ajili ya karatasi asiyoweza kuisoma.

Nilimsomea mara tatu. Kisha nikamsihi asimpe mnunuzi jibu mpaka tuyaelewe maneno yale, yeye na mimi pia, maana mimi ni mwalimu wala si daktari. Tulirudi hospitalini pamoja na mkewe. Daktari akatueleza kwa subira, akatuchorea picha. Baadaye nilisoma zaidi. Ninayowaambia leo ni hayo niliyojifunza.

Kwa nini mguu hufupika?

Paja lina misuli yenye nguvu nyingi. Mfupa wa paja ukivunjika, misuli hiyo huvuta kipande cha chini kipande juu. Ncha mbili hupitana na kulaliana ubavu kwa ubavu, kama pondo mbili zilizolazwa ndani ya mtumbwi. Mfupa hauna akili ya kujua kwamba uko mahali pasipo pake. Huunga pale pale ulipo. Kama ncha zimepitana kwa sentimita 4, basi mguu umepungua sentimita 4. Pengine mfupa huunga ukiwa umepinda pia, au nyayo zikielekea pembeni.

Kwa mtoto kuna sababu nyingine. Karibu na kila mwisho wa mfupa mrefu wa mtoto pana sehemu laini inayoukuza mfupa. Tuiite sehemu ya kukulia. Kwa mguu, kazi kubwa ya kurefuka hufanyika gotini, juu yake na chini yake. Hapo hutoka karibu theluthi mbili za urefu wote unaoongezeka. Sehemu hiyo ikiumia kwa ajali, au ikiharibiwa na usaha ulioingia mfupani, mguu ule huacha kukua sawasawa. Mwenzake huendelea. Kwa hiyo mtoto aliyeumia akiwa na miaka 6 huenda asionyeshe kitu mwaka ule, bali tofauti ikaonekana mwaka hata mwaka.

Tupime sasa

Mwalimu, sasa chukua mbao na madaftari yako. Aliye tayari kupimwa avue viatu, asimame wima, magoti yameno­oka, miguu yote miwili chini. Mtu wa pili apige magoti nyuma yake, aweke mikono juu ya mifupa ya nyonga, kulia na kushoto. Je, mikono iko sawa? Kama mmoja uko chini, weka daftari chini ya mguu wa upande huo. Ongeza jingine, na jingine, mpaka mikono iwe sawa. Kisha pima kwa futi unene wa madaftari yale. Andikeni jibu ubaoni kwa sentimita.

Njia ya pili ni hii. Mtu alale chali. Pima toka ncha ya mfupa wa nyonga, ile inayoguswa mbele penye mshipi, mpaka kifundo cha mguu upande wa ndani. Pima mguu wa kwanza, kisha wa pili, kisha utoe hesabu.

Msishtuke mkiona tofauti ndogo. Watu wengi wana tofauti isiyofika sentimita 1, na hawajui. Tena, kuna mguu unaoonekana mfupi na kumbe si mfupi: goti limekakamaa halinyooki, au nyonga imekaza, au uti wa mgongo umepinda. Mtu wa namna hiyo akirefushwa mfupa atakuwa ametibiwa ugonjwa asio nao. Ndiyo sababu daktari hupima kwa mikono yake, kisha huagiza picha ya eksirei ya miguu yote miwili. Kipimo chetu cha darasani ni cha kutufungua macho tu.

Njia ni nne

Andikeni kichwa hiki: Njia 4 za kusawazisha miguu.

Njia ya kwanza ni kiatu. Tofauti ikiwa chini ya sentimita 2, watu wengi hawahitaji matibabu, au huhitaji kiatu tu. Kipande cha kama sentimita 1 chaweza kuwekwa ndani ya kiatu. Zaidi ya hapo, huongezwa chini ya soli. Si lazima kujaza tofauti yote, wala si vema kuijaza siku moja, kwa kuwa mgongo umekwisha zoea. Huanzwa kwa kidogo, mwili ukazoea, kikaongezwa kidogo tena. Kiatu hakipasui mtu, hakilazi mtu kitandani, na kisipofaa huvuliwa. Ubaya wake ni kwamba ukikivua kuchechemea kumerudi. Tena kikipita sentimita 5 huwa kizito na kirefu, na kifundo cha mguu huweza kupinduka.

Njia ya pili ni kusimamisha ukuaji wa mguu mrefu. Hii ni ya watoto tu. Daktari hufanya upasuaji mdogo karibu na goti la mguu mzima, akaizuia ile sehemu ya kukulia, ili mguu mfupi upate nafasi ya kumfikia mwenzake. Kazi yenyewe si kubwa, lakini yataka wakati wake. Wasichana wengi humaliza kurefuka miguu wakiwa na miaka kama 14, na wavulana kama 16. Ikifanywa mapema mno, mguu uliokuwa mrefu huweza kugeuka kuwa mfupi. Ikichelewa, haina faida tena. Basi mama mwenye binti wa miaka 10 anayechechemea asiseme, "Tungoje awe mkubwa." Akiwa mkubwa mlango huu utakuwa umefungwa.

Njia ya tatu ni kufupisha mguu mrefu. Hii ni ya mtu mzima aliyekwisha kukua. Daktari hukata kipande cha mfupa wa paja la mguu mzima, akaunganisha ncha mbili na kuzishika kwa msumari wa chuma ndani ya mfupa, au kwa bamba na skrubu. Katika paja huweza kupunguzwa mpaka kama sentimita 5. Katika mfupa wa chini ya goti hupunguzwa kidogo zaidi ya nusu ya hapo tu. Wengi huikataa njia hii wakisema, "Mguu wangu mzima nao ukatwe?" Swali hilo lina haki. Kimo hupungua, na misuli ya paja hulegea kwa miezi kadhaa mpaka ijikaze upya. Lakini ijulikane kwamba mara nyingi mtu hupona upesi kuliko yule aliyerefushwa.

Njia ya nne ni kurefusha mguu mfupi. Hii ndiyo iliyosemwa sana mwaloni, nayo ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Hutumika hasa tofauti ikipita sentimita 4 au 5. Tuieleze taratibu.

Mfupa hurefushwaje?

Katika mji wa Kurgan, huko Siberia nchini Urusi, alikuwako daktari mmoja jina lake Gavriil Ilizarov. Alizaliwa mwaka 1921, akafa mwaka 1992. Baada ya vita kuu ya pili alikuwa na wagonjwa wengi ambao mifupa yao ilikataa kuunga, na vifaa vyake vilikuwa vichache. Mwaka 1951 akatengeneza chombo cha pete za chuma zinazouzunguka mguu, zikashikwa na fito zenye nati, na waya nyembamba zinazopita mfupani toka upande hata upande. Kwa chombo hicho akagundua jambo kubwa: mfupa ukikatwa kwa uangalifu, kisha ncha zake zikaachanishwa polepole sana, mwili hujaza mfupa mpya katika ile nafasi.

Kwa miaka mingi habari hiyo haikujulikana sana nje ya nchi yake. Kisha akaja Carlo Mauri, mpanda milima wa Italia. Mauri alivunjika mguu mwaka 1961, na mguu wake haukupona vizuri. Mwaka 1980, baada ya kuchechemea karibu miaka 20, alikwenda Kurgan akatibiwa. Madaktari wa Italia walipomwona akirudi na mguu mzima wakamwalika Ilizarov awafundishe mwaka 1981. Toka hapo njia hiyo ikaenea duniani. Nimeitaja habari hii kwa sababu moja. Jeraha la Mauri lilikuwa la zamani, wala halikuwa limepita wakati wa kutibiwa.

Sasa tufanye hesabu. Mwalimu, andika ubaoni.

Daktari akisha kuukata mfupa na kuufunga chombo, hungojwa siku 5 mpaka 10 ili mwili uanze kazi yake. Kisha nati huzungushwa, na mfupa huachana milimita 1 kwa siku. Wala si milimita 1 kwa mkupuo, bali robo milimita mara 4 kwa siku. Mtu akizungusha upesi kuliko hapo, mfupa mpya haupati nafasi ya kukua, na mishipa ya fahamu huvutika. Akizungusha polepole mno, mfupa huunga kabla ya wakati na kazi husimama.

Basi, sentimita 4 ni milimita ngapi? Ni 40. Kwa milimita 1 kwa siku, ni siku ngapi? Ni siku 40. Wengi wakisikia siku 40 hufurahi. Lakini kuvuta si mwisho. Mfupa mpya mwanzoni ni laini, na chombo hakitolewi mpaka uwe mgumu. Kadiri ya kawaida ni mwezi 1 mpaka mwezi 1 na nusu kwa kila sentimita 1, na kwa mtu mzima pengine zaidi. Zidisheni kwa 4. Mtapata miezi 4 mpaka 6 na chombo mguuni. Chombo kikitolewa, bado kuna wiki kadhaa za mikongojo na mazoezi.

Katika muda huo wote kila mahali waya inapoingia mwilini pana tundu. Matundu hayo hutunzwa na kusafishwa kama alivyofundisha mwuguzi, na mara nyingi moja au mawili huingia uchafu yakahitaji dawa. Goti na kifundo cha mguu hutaka kukakamaa, kwa hiyo mazoezi ya kila siku ni sehemu ya dawa, hata yakiuma. Hatari nyingine ni mishipa ya fahamu kufa ganzi, mfupa mpya kuchelewa kukomaa, na mara chache mfupa kuvunjika tena chombo kikiisha tolewa. Tumbaku huchelewesha mfupa kuunga, na madaktari humtaka mvutaji aache kabla ya kuanza.

Siku hizi ziko pia aina za misumari inayowekwa ndani ya mfupa na kurefushwa kwa sumaku iliyoshikwa nje ya mguu. Haina pete wala matundu ya waya. Lakini bei yake ni kubwa mno, na wagonjwa wengi wa nchi zetu bado hutibiwa kwa chombo cha nje.

Watu watatu, majibu matatu

Tutazame mifano miwili, kisha tumrudie mvuvi wetu.

Mfano wa kwanza ni msichana wa miaka 11, aliyeumia goti akiwa mdogo. Tofauti yake ni sentimita 3, na yaongezeka. Huyu apelekwe kwa daktari wa mifupa bila kukawia, maana njia ya pili huenda ikamfaa, nayo ina saa yake.

Mfano wa pili ni kijana wa miaka 24, mwendesha bodaboda. Aligongwa, mfupa wa chini ya goti ukaunga umepinda na kufupika sentimita 7. Kiatu cha sentimita 7 ni gogo. Kumfupisha upande wa pili kwa sentimita 7 haiwezekani. Tena mguu umepinda, na chombo cha pete huweza kunyosha na kurefusha kwa pamoja. Kama ana mtu wa kumtunza nyumbani, na aweza kukaa bila kazi zaidi ya nusu mwaka, kwake njia ya nne ina maana.

Na mvuvi wetu? Tofauti yake ilikuwa sentimita 4. Daktari alimwambia njia tatu zinawezekana kwake: kiatu, kufupisha, au kurefusha. Mvuvi akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiri. Alisema, "Daktari, nikiwa na chombo hicho, naweza kuingia ziwani?" Daktari akamjibu, "La. Kwa miezi yote hiyo usiingie ziwani, wala usivute mtumbwi." Mkewe akauliza la pili, "Na injini ikiisha kuuzwa, siku atakapopona atavulia nini?"

Hapo hatukuwa na la kusema kwa kitambo.

Mvuvi akachagua kiatu. Lakini kazini kwake viatu vya ngozi havifai, maana mchana kutwa yuko majini. Tukamwendea fundi wa makatambuga. Fundi akapigilia tabaka za mpira wa tairi chini ya katambuga la kulia, kwanza sentimita 1 na nusu, na baada ya wiki chache akaongeza mpaka 3. Akatia na mkanda wa nyuma wa kushika kisigino. Maji hayaliharibu. Mgongo haujaacha kumwuma kabisa, bali ameniambia sasa analala usiku. Akilivua huchechemea kama zamani, na hilo halifichi. Amesema mwanawe wa kwanza akiweza kuongoza mtumbwi peke yake, huenda akarudi kwa daktari kuzungumza habari ya upasuaji. Mlango wake haujafungwa. Injini anayo.

Simwambii mtu yeyote achague kiatu kwa kuwa mvuvi alichagua kiatu. Nasema kila mtu aupime mguu wake, na kazi yake, na nyumba yake, kisha aamue.

Uende wapi?

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upate barua. Toka hapo ni hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure, kisha Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyofunguliwa mwaka 1971. Ndugu wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe mwaka 2025, huhitaji tena kungoja kivuko hapo. Daktari wa mifupa ndiye atakayesema kama kazi yako yafanyika Mwanza, au uende mbali zaidi, kama vile Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa viatu maalumu wako mafundi waliosomea. Chuo chao kiko Moshi, penye hospitali ya KCMC, nacho kilianza mwaka 1981.

Kabla ya kutia saini karatasi yoyote ya upasuaji, uliza maswali haya 6, na majibu uyaandike:

1. Tofauti ya miguu yangu ni sentimita ngapi kwa picha ya eksirei?
2. Nisipofanya lolote, nini kitatokea?
3. Je, kiatu chatosha?
4. Nitakaa muda gani bila kufanya kazi yangu?
5. Hatari zake ni zipi, na zikitokea nitamwendea nani?
6. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na safari za kurudi kupimwa, na je, bima yaweza kulipa?

Kuuliza si utovu wa adabu. Daktari mwema hupenda mgonjwa anayeuliza, kwa sababu mgonjwa aliyeelewa hujitunza.

Jeraha la leo lisiwe kilema cha kesho

Neno moja kwa wenye miguu mizima. Mtu akivunjika leo, msimvute wala kumkanda. Fungeni mguu kwa mabanzi mawili marefu, pasipo kubana mno, mpelekeni hospitali siku ile ile. Kama mfupa umetoboa ngozi, funikeni jeraha kwa kitambaa safi na kukimbia zaidi, maana uchafu ukiingia mfupani taabu yake ni ya miaka. Hospitalini mfupa wa paja hushikwa kwa msumari wa ndani, au mguu huvutwa kwa uzito kwa wiki kadhaa, na shabaha ni ile ile: ncha zisipitane. Wazee waunga mifupa wana heshima yao, na mikono yao imesaidia wengi mahali pasipo hospitali. Lakini mkono hauoni ndani ya paja. Picha ya eksirei huona.

Kumaliza

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa vikundi vikundi nchi nzima kusikiliza masomo ya redio ya Mtu ni Afya. Kila walichosikia walikijadili, kisha wakakitenda. Nasi tufanye vivyo hivyo. Nikisha kuwaaga, msitawanyike. Mwalimu atawasomea maswali haya:

1. Ni nani katika kijiji chetu ana mtoto anayechechemea, na je, mtoto huyo amepimwa?
2. Mtu aliyepungukiwa sentimita 6 akirefushwa milimita 1 kwa siku, kuvuta kutachukua siku ngapi? Na chombo kitakaa mguuni miezi mingapi hivi?
3. Tukivunjikiwa na mtu usiku mwaloni, gari tutalipata kwa nani? Andikeni jina na namba ya simu, mbandike ukutani.

Mvuvi wetu sasa yumo darasani. Wiki iliyopita alileta ile karatasi, akaifungua juu ya meza, akaisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika penye neno "hatari" alisimama, akalisoma mara mbili, kisha akaendelea mpaka mwisho. Mahali pa saini bado hapana kitu. Ameikunja na kuirudisha ndani ya daftari lake.

Siku akiamua kutia jina lake pale, atakuwa anajua anachokubali. Nanyi nawatakia hivyo.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.